Mimi, Mtoto na Bahasha

Leo siku ya kumi na tisa hotelini. Zimebaki mbili, tukijaliwa, na nikisema tukijaliwa namaanisha shirika la ndege lisije tena na lile neno lake "tunasikitika".

Mimi nilidhani hakimu akishasaini hukumu ya kuasili mtoto wa nchi nyingine, unambeba mwanao unapanda ndege. Thubutu! Hukumu ndiyo iliyoyaamsha makaratasi yaliyokuwa yamelala. Cheti kipya cha kuzaliwa, pasipoti ya mtoto, kupimwa na daktari wa ubalozi, viza. Halafu cheti cha Ibara ya 23, kinachosema uasili wetu umefuata Mkataba wa Hague wa mwaka 1993, ule wa watoto wanaoasiliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Sina ugomvi na mkataba huo. Umewekwa ili watoto wasiibwe wala kuuzwa, na hapo naunga mkono hata kwa miguu. Ugomvi wangu ni kwamba karatasi haziwezi kutembea peke yake. Karatasi inataka tafsiri, tafsiri inataka mhuri, na mhuri wenyewe unataka apostile, yaani mhuri wa kuushuhudia mhuri. Apostile ililetwa na mkataba mwingine wa hukohuko Hague, wa mwaka 1961, kwa nia ya kurahisisha mambo. Kurahisisha! Basi kabla ya hapo mtoto alifika nyumbani ana ndevu.

Picha ya pasipoti sitaki kuizungumzia. Macho wazi, mdomo umefungwa, mkono wa mtu mwingine usionekane. Mtoto wa miaka miwili! Huyu wetu akifunga mdomo na macho yanafunga, nadhani ni waya mmoja. Tulipiga kumi na nne. Iliyokubaliwa ana sura ya mtu aliyefuatwa na mdai msibani.

Sasa tuje kwangu. Mahakama imenitambua kuwa baba. Wizara imenitambua. Mtoto bado analifikiria ombi langu. Kwa mama yake ameganda kama stempu. Mimi nikinyoosha mikono ananitazama kama dereva aliyepita kituo. Mtaalamu alituonya mapema: watoto wengi huanza kushikamana na mzazi mmoja, nisiweke moyoni. Sijaweka moyoni. Nimeweka mgongoni, maana mabegi yote nabeba mimi.

Lugha yake nimejifunza maneno manne: maji, choo, basi, polepole. Yeye ana neno la tano, analisema huku ananinyooshea kidole. Nilimwuliza mkalimani maana yake. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema halina tafsiri. Mtu ninayemlipa kwa saa!

Jana viza imetoka, pamoja na bahasha iliyofungwa na kupigwa mihuri. Karani alisema mara tatu: msiifungue, mkabidhi ofisa wa uhamiaji mkifika. Mara ya tatu alinitazama mimi tu, sijui kwa nini.

Tulikuja na begi zima la vitu vya kuchezea. Kuna treni inayopiga honi. Kuna sungura wa bei ya kutisha. Mtoto hajavigusa. Anataka bahasha. Nimeiweka juu ya kabati, akasogeza kiti. Nimeitia kwenye begi, akajifunza kufungua zipu. Basi usiku nikailalia, iko chini ya mto, mimi juu yake kama kuku anayeatamia.

Saa nane za usiku nikasikia vidole kwenye shavu. Mtoto amemruka mama yake, amekuja upande wangu, kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Akaweka kichwa kifuani pangu. Sikupumua. Mke wangu alikuwa macho, nikamsikia anavuta kamasi gizani, na mimi koo limekaba, nasema moyoni jamani, leo nimepita usaili.

Ndipo nikausikia mkono mdogo unapenya chini ya mto, polepole.