Shem na gari lake baharini

Shem wangu ni mtu wa Likoni, na akishakwambia "mimi nimezaliwa baharini" basi jua hapo ushauri umefungwa. Alikuja kututembelea Galway, huku Ireland, akakodi gari, akasema twende Connemara. Tukafika Claddaghduff, kijiji kidogo cha wavuvi, madema ya kambamti yamepangwa kando ya ukuta, na ng'ambo yake kuna kisiwa cha Omey. Maji yakipwa unavuka na gari juu ya mchanga hivi hivi, kuna nguzo za mishale zinakuonyesha njia. Yakijaa ni bahari, hakuna mjadala.

Mzee mmoja akatuambia saa tisa muwe mshavuka kurudi. Shem akacheka. "Jana mwezi ulikuwa mpevu, hii ni bamvua, huyu anifundishe mimi?" Sasa si ndio hapo hapo jamani, bamvua maji yanaenda mbali lakini yakirudi yanarudi mbio!

Tukavuka, akapaki mchangani kule chini ya kisiwa eti picha itoke vizuri, tukapanda kuona gofu la kanisa la Mtakatifu Feichin, lile lililofukiwa na mchanga hadi likafukuliwa 1981. Pale shem akaanzisha hadithi ya ngalawa ya babake, hadithi haina breki, mimi nachungulia simu, baba watoto anasinzia.

Kushuka, gari lipo. Magurudumu ndiyo hayapo.

Shem akakunja suruali kishujaa akaingia, Atlantiki ikamfika magotini akapiga ukelele wa "mamaangu weeee" nadhani mamake Likoni aliitika. Akafungua mlango, maji yakampisha kidogo halafu yakaingia kabla yake. Ng'ambo wazee wameshajipanga ukutani kama wanangojea penalti.

Akaja mkulima na trekta, akafunga kamba, akavuta mpaka bara, halafu akamtazama shem aliyelowa chapachapa, mvua nayo inanyesha, akasema, "Siku nzuri leo, eh?" Akaenda zake.

Njia nzima shem kimya, anakausha mazulia kwa feni ya gari. Kurudisha gari, kijana wa pale akainua zulia la nyuma, kaa mdogo akatoka mbio upande upande.

Shem bila kupepesa: "Huyo nilimkuta."