Bi Harusi Mwenye Sauti ya VJ

Mazoezi ya mchezo wetu wa nyimbo yalikuwa hayajaanza, lakini mji wa Arua, Uganda, tayari ulikuwa unauimba. Waliouona zamani wakiwa wanafunzi walikumbushana nyimbo zake juu ya chai na chapati, kila mmoja na beti zake, na hakuna wawili waliokubaliana binti aliishia kuolewa na nani. Kisa chenyewe si kigumu: binti wa mkulima wa tumbaku anaposwa na mzee mwenye ng'ombe arobaini, huku moyo wake uko kwa dereva wa lori. Hapo ongeza kwaya, adungu tatu (zile zeze za upinde), ngoma, kinanda, na nyimbo za saa mbili na robo.

Nchi iliyompeleka mtunzi Byron Kawadwa na mchezo wake wa Wankoko mpaka FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika la Lagos, mwaka 1977 haihitaji kufundwa mchezo wa nyimbo. Kilichokuwa kigeni kwetu ni kuurusha moja kwa moja kwenye sinema, na jambo hilo lililetwa na Mwalimu, muongozaji wetu. Alijua habari zote. Metropolitan Opera ya New York ilianza kurusha maonyesho yake kwenye kumbi za sinema Desemba 2006. National Theatre ya London ikafuata Juni 2009, ikaanza na mchezo wa Phèdre akicheza Helen Mirren. Mtu ananunua tiketi ya sinema mji mwingine kabisa, anaona jasho la mwigizaji kwa karibu kuliko aliyeketi mstari wa mbele.

Ukumbi wetu una viti 300. Tiketi za shilingi 10,000 ziliisha mapema, na watu bado wakawa wanamfuata mhasibu mpaka kanisani. Basi ng'ambo ya barabara, mita 80 kutoka mlango wa jukwaa, kulikuwa na kibanda cha video cha Hajati: mbao, maturubai, mabati juu, mabenchi ya kubana watu 120. Ndiyo ikawa sinema yetu, tiketi 3,000.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa mapumziko. Mwalimu hakuyataka. Alitaja Follies, mchezo wa nyimbo wa Stephen Sondheim, iliyofunguliwa Broadway 1971, National Theatre wakairudisha jukwaani 2017 na kuirusha sinema Novemba ya mwaka huohuo, saa mbili na ushei bila mtu kuinuka.

"Mwalimu," Hajati akamwambia, "na rolex zangu, chapati za mayai, nimpe nani? Hao wa London wanakula saa ngapi?"

Wakapatana dakika 15, na saa ya kuhesabu kurudi nyuma iwekwe kwenye skrini, kama wanavyofanya sinema za Uingereza. Hajati aliomba saa hiyo ianzie 25. Alikataliwa.

Kazi ya picha ilikuwa yetu mafundi. Kamera tatu: moja ghorofani inaona jukwaa zima, mbili pembeni za kuvuta nyuso. Kamera moja ilitoka Marekani ikiwa imepangwa kwa umeme wa hezi 60. Huku kwetu umeme ni hezi 50, kwa hiyo chini ya taa za jukwaa picha yake ilijaa michirizi inayopanda polepole. Dawa yake ni kuweka shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, iwe sekunde 1/50, basi. Waya wa HDMI nao hauaminiki ukizidi mita 15 hivi, na mita 80 ni ndoto. Unabadilisha mawimbi kuwa SDI, mfumo wa picha unaosafiri mbali, unapitisha kwenye waya wa koaksi, kama ule wa antena ya TV, unafika upande wa pili picha ikiwa safi na bila kuchelewa kwa kiasi ambacho jicho linaweza kugundua. Tuliuvusha barabara juu ya nguzo za mianzi, kimo cha mita 5.

Saa moja kabla ya pazia, lori la magodoro lilipita kuelekea mpakani. Magodoro hayana uzito, kwa hiyo hupangwa mpaka mbinguni. Lilichukua waya, likachukua na nguzo moja, likaenda zake. Mwalimu alisema dereva wa lori kutokea siku ile ni ishara. Mhasibu alisema ni hasara.

Ikabidi picha ipite kwenye intaneti. Laptopu inaifinya mpaka ubora mdogo wa 720p, simu inaipandisha kwa megabiti 3 kwa sekunde, inakwenda kwenye seva huko iliko, inarudi Arua, inatua kwenye projekta ya Hajati. Picha haikatiki, kwa sababu kila hatua inaweka akiba kidogo kabla ya kuendelea. Akiba hizo ukizijumlisha, kibanda kilikuwa kinaishi sekunde 25 nyuma ya ukumbi. Hajati alipoelezwa hilo akasema sekunde 25 si kitu, wateja wake huchelewa zaidi ya hapo.

Ni kitu. Wimbo wa kuchekesha wa walevi unafuatwa na kifo cha bibi kizee. Ukumbi ulicheka, ukapiga makofi, taa zikashuka, bibi akakata roho, wanakwaya wakainama. Ndipo walevi wakaishia kule kibandani, na watu 120 wakalipuka kwa vigelegele na kupiga mbao kwa miguu. Kwa upande wetu ilisikika kana kwamba mtaa mzima umefurahi bibi amekufa. Marehemu mwenyewe tumbo lilianza kumruka. Mwanakwaya mmoja mwenye akili akamfunika kitenge, lakini kitenge nacho kikawa kinacheka.

Hayo bado yangevumilika. Tatizo lenyewe lilikuwa kiunoni mwa bi harusi.

Waigizaji wakuu wanne walivaa maikrofoni ndogo za waya mwembamba unaopita kwenye nywele, na transmita ya betri mbili za AA kiunoni. Adui wa transmita ni jasho. Majukwaa makubwa huivisha kondomu kavu, isiyo na mafuta, waya unatokea mdomoni na kufungwa kwa plasta. Ni njia ya miaka mingi, ni rahisi, na inafanya kazi. Mhasibu wetu ni mzee wa kanisa. Alinunua dazeni, duka la dawa likampa pongezi, naye kwenye daftari akaandika "vifuko vya mitambo".

Sasa, sehemu ya kwanza inafika kileleni pale mzee wa posa anapokuja kudai mke. Bi harusi yuko nyuma ya pazia anabadilisha gauni haraka haraka, na akiwa kule anatakiwa kuitikia, "Nakuja, baba!" Kwa sababu ya neno hilo moja Mwalimu aliamuru chaneli yake ibaki wazi kwenye mikisa, meza ya kuchanganyia sauti. Lakini kwenye mazoezi zipu iligoma, na yale bi harusi aliyoiambia zipu yaliwafikia wazazi waliokuja kutazama. Shangazi wa mavazi akaapa halitarudiwa. Kila gauni likivuliwa, yeye alikuwa anazima transmita kwa mkono wake. Hakumwambia mtu. Aibu ya mtoto wa watu haitangazwi.

Na Hajati naye hakumwambia mtu kwamba kamleta VJ, mtu wa kuisemea filamu kwa maikrofoni inapoonyeshwa.

Kwake ilikuwa kawaida. Kibanda cha Uganda bila VJ wa kutafsiri na kutia chumvi ni ukumbi wa kusinzia. Wateja wameshazoea hata mabubu kuwekewa maneno. Mchezo ulikuwa wa Kiswahili, hadhira ya Kiswahili, hakukuwa na cha kutafsiri. VJ alitafsiri hivyohivyo. Na maikrofoni yake isiyo na waya ilikuwa pacha wa zile zetu: aina ileile ya bei nafuu, masafa yamefungwa kiwandani, hayabadilishwi.

Risiva ya FM, kipokezi cha maikrofoni hizo, ikipata mawimbi mawili kwenye masafa mamoja haiyachanganyi kwa haki. Hushika lenye nguvu na kulimeza lingine. Bi harusi akiwa mita 15 kutoka kwenye antena alimfunika kabisa VJ wa mita 80, na maturubai hayazuii redio. Kwa hiyo nusu saa nzima hakuna aliyejua kuna mtu wa pili kwenye mstari. Shangazi alipobonyeza swichi, mlango ukabaki wazi na mwenye nyumba katoka.

Mzee wa posa alikuwa amekwisha kuingia kwa wimbo wake wa ng'ombe arobaini, suruali pana, fimbo, madaha. Akasimama katikati.

"Nimelipa mahari yote. Mke wangu yuko wapi?"

Spika zote nne zikamjibu kwa sauti nene ya kiume:

"Haya, mwangalieni huyo anaingia! Suruali ya kuazima! Ng'ombe arobaini? Labda wa kwenye kalenda!"

VJ, kwa saa yake, ndiyo kwanza alikuwa anamwona anaingia.

Ukumbi ulikaa kimya kidogo, ukapasuka. Mzee wa posa alitazama dari. Kiongozi wa kwaya, mama aliyecheza michezo tangu vyumba vya kubadilishia nguo vikiwa migomba, akapiga magoti na kulia, "Mizimu ya ukoo imesema!" Kwaya yote ikapiga magoti. Mzuri sana yule mama. Angeachiwa, angeuokoa usiku ule peke yake.

Kijana wa mikisa naye alikuwa anamsaka mchawi. Sauti ni ya kiume, akaenda kwenye chaneli za kiume. Akazima baba: sauti ipo. Akazima dereva wa lori: ipo. Akazima mzee wa posa: ipo, tena sasa inasikika vizuri zaidi. Nani atafute sauti ya mwanamume kwenye chaneli ya bi harusi? Mimi nilikuwa ghorofani na kamera ya jukwaa zima, ngazi ziko mwisho mwingine wa ukumbi, na ishara za mikono gizani hazisomeki.

Sekunde 25 zikatimia. Kule kibandani, kutoka kwenye spika za projekta, VJ akasikia sauti ya VJ. Suruali ya kuazima. Ng'ombe wa kwenye kalenda. Vichekesho vyake mwenyewe, vikitolewa na mtu mwingine, na wateja wake wakivichekea mara ya pili.

"Nani huyo?" akafoka. "Nani kaleta VJ mwingine kunifukuzisha kazi?"

Ukumbini ilishuka hivyohivyo kutoka darini. Mzee wa posa, mtu mwenye heshima zake, duka lake la vifaa vya baiskeli liko karibu na kituo cha mabasi, akaona sasa amechokozwa hadharani.

"Ni mimi!" akajibu, kwa kifua tu, maana maikrofoni alishazimiwa.

"Kama wewe mwanamume, toka nje!"

Akatoka. Alishuka jukwaani, akapita katikati ya viti na fimbo yake, watu wakimpisha na kumshangilia, akafungua mlango mkubwa, akaingia barabarani.

VJ hakutoka mara moja. Kwanza alipata jibu. Sekunde 25 baadaye projekta ilimwambia, kwa sauti yake, kama yeye mwanamume atoke nje. Akatoka na maikrofoni mkononi.

Walikutana kwenye lami, karibu na nguzo ya mianzi iliyobaki. Sisi ndani tulisikia kila neno, kwa sababu sasa VJ alikuwa amesogea na mawimbi yake yalikuwa yamenona.

"Wewe ndiye unayeniiga?"

"Wewe ndiye uliyesema suruali yangu ya kuazima?"

"Mzee, shikamoo. Kwani wewe si uko ndani ya filamu?"

Hapo gauni jipya lilikuwa limefungwa. Shangazi akawasha transmita, bi harusi akatokea kwenye taa kuimba wimbo wa mapenzi ambao Arua iliusubiri miaka yote hiyo. Mawimbi mawili sasa yalikuwa na nguvu karibu sawa, na risiva ikishindwa kuchagua hurukaruka. Bi harusi akafumbua kinywa: "Mpenzi wangu wa safari ndefu..." kkkrrr "...nitakupeleka polisi mzee, usinishike shati..." kkkrrr "...rudi nikupokee." Dereva wa lori alikuwa amepiga goti mbele yake na hakujua aendelee kupiga goti au aende polisi.

Ndipo kijana wa mikisa akaona taa ya chaneli ya bi harusi ikicheza wakati midomo yake imefungwa. Akaizima. Wimbo uliendelea bila mtambo, adungu zikapunguza sauti zenyewe, na nakiri ulipendeza. Kibandani hawakuupata vizuri, walikuwa wote barabarani.

Usiku wa pili waya wa koaksi ulipita kwenye kalvati chini ya barabara, ambako magodoro hayapiti, na sekunde 25 zikaisha. Kabla ya pazia tuliwasha kila maikrofoni iliyomo ukumbini na ng'ambo, kisha tukazima za kwetu moja moja huku tukitazama taa ya mawimbi kwenye risiva. Ukizima na taa ikafa, masafa ni yako. Ukizima na taa ikaendelea kuwaka, kuna mgeni. Shangazi alikatazwa kugusa swichi. Kazi ya kufunga na kufungua ikabaki mikisani, na zipu ikapakwa nta ya mshumaa. VJ alipewa maikrofoni ya waya, mita 6, urefu wa kufika kwenye benchi la mbele na si zaidi.

Yeye alileta madai. Alitaka 50,000 za uigizaji, kwa kuwa sauti yake ilisikika ukumbini bila mkataba. Mhasibu akamwambia ukumbini tiketi ni 10,000 na yeye hakulipa. VJ akasema hakuingia. Mhasibu akasema sauti yake iliingia. Hajati aliwatenganisha kwa rolex mbili, na VJ akaondoka na 20,000 taslimu. Kwenye daftari imeandikwa: "Mizimu ya ukoo, mtu mmoja."