Msihesabu Miezi, Tazameni Maji

Mpwa wangu alirudi kutoka shule na karatasi ya mtihani wa sayansi, swali la saba limepigwa kosa kwa wino mwekundu. Sayari gani ina miezi mingi kuliko zote? Yeye kaandika Zohali, yaani Saturn. Mwalimu alitaka Mshtarii, ile ambayo wao darasani huiita Jupita, kwa sababu kitabu kinasema Jupita ina miezi 67, na kitabu hakibishwi. "Mjomba, si wewe uliyeniambia Zohali?" akaniuliza, kwa jicho la mtu aliyetapeliwa.

Nilimwambia mimi, na hakukosea. Machi 2025 miezi 128 mipya ya Zohali ilitambuliwa rasmi kwa mkupuo mmoja, jumla ikafika 274. Ila mwanzoni mwa 2023 Mshtarii ilikuwa imeongoza kwa muda mfupi, 92 kwa 83, kisha kabla mwaka haujafika kati Zohali ikairuka tena. Jibu linalogeuka kila watu wanapopata darubini kali zaidi si la kumnyimia mtoto alama.

Lakini ugomvi wangu hasa si alama. Ni swali lenyewe. Wingi wa hiyo 274 ni mawe ya kilomita chache tu, mengine yanazunguka kinyumenyume, yamenaswa na Zohali zamani yakipita njia yake. Mwezi mmoja, Titan, una zaidi ya asilimia 90 ya uzito wote wa miezi ya sayari hiyo. Kuihesabu yote sawasawa ni kama kusimama bandarini Kilindini, ikapita meli ya makasha ukasema moja, ukapita mtumbwi wa mvuvi ukasema mbili.

Na mtoto wa Mombasa ndiye wa mwisho kuulizwa swali kavu namna hiyo. Huyu kazaliwa kisiwani. Anajua siku ya kuogelea na siku ya kuokota kombe kabla hajajua kusoma. Ami yangu, ambaye amevua tangu ujana wake na hajaona ndani ya maabara, ukimwuliza kesho maji yatajaa saa ngapi haangalii simu. Anauliza leo mwezi ngapi, anakunja vidole, anakujibu. Hesabu yake ni hii: mwezi ukiandama au ukipevuka, maji ya hapa hukupwa asubuhi mnamo saa nne au saa tano na kujaa alasiri. Baada ya hapo kila siku inachelewa kama dakika 50. Siku mbili tatu hivi baada ya mwandamo au mpevuko ndipo bamvua linapokolea, tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita tatu, na mwamba unabaki nje hadi watu wanamfuata pweza kwa miguu. Katikati ya hapo ni maji mafu, hayajai wala hayapwi ya kueleweka.

Hizo dakika 50 ni mzunguko wa Mwezi. Dunia ikishamaliza mzunguko wake mmoja, Mwezi nao umeshasogea mbele kidogo katika safari yake ya siku 27 na theluthi, kwa hiyo dunia inabidi ijizungushe ziada ili kuufikia. Ami anaijua njia ya Mwezi kwa miguu iliyolowa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hiyo ni fizikia.

Kwa nini maji yajae mara mbili kwa siku na si mara moja? Mvuto hupungua kwa umbali. Upande wa dunia ulioelekea Mwezi unavutwa kuliko kitovu, na kitovu kinavutwa kuliko upande wa nyuma. Dunia nzima inanyooka kidogo kama kibumba cha unga ukikivuta, na bahari inafura pande mbili. Mtu akishalishika hilo, miezi mingine yote inaanza kusema.

Chukua Io, ya Mshtarii. Iko kilomita 421,700 kutoka kitovu cha sayari yake, na Mwezi wetu uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka kwetu. Umbali wa majirani. Vipenyo pia havipishani sana: Io kilomita 3,643, wetu 3,474. Ungetarajia mapacha. Lakini Mshtarii ina uzito wa dunia 318, kwa hiyo Io ili isianguke lazima ikimbie, na inamaliza mzunguko kwa saa 42 na nusu. (Kwa lugha yetu, ambayo mwezi wa angani na mwezi wa kodi ni neno moja, fikiria mwenye nyumba anabisha hodi kila baada ya saa 42.)

Io haina bahari. Kinachojaa na kupwa huko ni ardhi yenyewe, jiwe, kiasi cha mita 100 hivi. Hapa pana kijambo kizuri ambacho vitabu vya shule hukipita mbio. Io, kama Mwezi wetu na karibu miezi yote mikubwa, inamwonyesha bwana wake uso ule ule siku zote. Sasa kama uso ni ule ule, uvimbe si ungetulia mahali pamoja na mambo yakaisha? Ungetulia, lau njia yake ingekuwa duara kamili. Miezi jirani haiiachi. Kila Io inapozunguka mara nne, Europa inazunguka mara mbili na Ganymede mara moja, kwa hiyo mivuto yao inaipata Io kwa mpangilio ule ule, tena na tena, kama mtu anayesukuma pembea kwa wakati wake. Njia inabaki yai. Io inakaribia Mshtarii, inafura, inajitenga, inanywea. Kunja waya wa kufungia makuti mara kumi mbele na nyuma kisha uguse pale ulipokunja, utaruka. Ndivyo jiwe la Io linavyopata moto, na leo linajulikana kuwa na volkano hai zaidi ya 400.

Linalonifurahisha zaidi ni kwamba lilitabiriwa. Wanasayansi Peale, Cassen na Reynolds walichapisha hesabu yao mwanzoni mwa Machi 1979, wakisema ndani ya Io lazima kuyeyuke. Siku chache tu baadaye chombo cha Voyager 1 kikapita, na Linda Morabito, akichunguza picha kwa ajili ya kazi ya usafiri wa chombo, akaona wingu limetoka pembeni mwa Io. Lilikuwa volkano. Watu watatu wamepiga hesabu za kujaa na kupwa, ile ile kazi ya vidole vya ami, wakaona moto mahali ambapo hapakuwahi kuonekana.

Sogea hatua moja nje, ufike Europa. Msuguano ule ule, ila mpole zaidi, na juu yake kuna barafu. Matokeo yake ni bahari ya chumvi chini ya barafu, ambayo wanasayansi wengi wanakadiria ina maji mengi kuliko bahari zote za dunia zikiunganishwa, ndani ya kimwezi kidogo kuliko chetu. Chombo cha Europa Clipper kiliruka Oktoba 2024 na kinatarajiwa kufika Mshtarii mwaka 2030. Kule Zohali, Enceladus ina kipenyo cha kilomita 504. Hiyo ni safari ya basi la usiku la Nairobi, na chenji inabaki kidogo. Kitu kidogo hivyo kingekuwa kimeshaganda zamani, lakini mwaka 2005 chombo cha Cassini kilikikuta kinarusha maji kutoka ncha yake ya kusini hadi angani, na ndani ya mvuke ule mna chembe za chumvi. Maji ya chumvi, nyufa, joto la kuvutwavutwa. Mwanafunzi wa pwani akiambiwa hivyo ataelewa kwa ngozi. Akiambiwa "274" atakariri hadi siku ya mtihani.

Ganymede nayo, kubwa kuliko sayari ya Utaridi, inastahili makala yake, siiwezi leo.

Hadithi hii ina upande wa pili, kwamba miezi haikai pale ilipo. Dunia inajizungusha haraka kuliko Mwezi unavyotuzunguka, kwa hiyo ule uvimbe wa maji unatangulizwa mbele kidogo, nao unauvuta Mwezi kwenda mbele. Mwezi unapanda. Unatuacha kwa sentimita 3.8 kila mwaka, na hilo limepimwa, si la kukisia: wanaanga wa Apollo 11 waliacha vioo huko mwaka 1969, na hadi leo watu huvipiga kwa leza na kuhesabu muda wa mwanga kurudi. Dunia nayo inalipa kwa kupunguza mwendo. Mwaka 1963 mwanasayansi John Wells alihesabu mistari midogo ya ukuaji kwenye matumbawe ya kale sana, ya karibu miaka milioni 400 iliyopita, akapata kama siku 400 katika mwaka mmoja. Mwaka ulikuwa na urefu ule ule. Siku ndizo zilikuwa fupi. Tangu nilisome hilo siwezi kupita ukuta wa Fort Jesus bila kuyatazama matumbawe yake, ingawa hayo ya kwetu ni ya juzi tu kwa hesabu za mawe.

Ukigeuza mwendo, matokeo yanageuka. Phobos ya Mirihi ni jiwe la kilomita 22, kama kutoka Mji wa Kale hadi kupita Mtwapa kidogo, na inaizunguka sayari kwa saa saba na dakika 39, haraka kuliko Mirihi inavyojizungusha. Ukisimama huko ungeiona inachomoza magharibi na kutua mashariki. Uvimbe inaousababisha unabaki nyuma na kuivuta chini, karibu mita mbili kila miaka 100. Miaka milioni 50 haitafika kabla haijasambaratika au kuanguka. Triton ya Neptuni nayo inazunguka kinyume na sayari yake, na pia inateremka.

Mambo ya kuandama kwa mwezi, nani kauona na wapi, siyaingilii. Kila Ramadhani yana wenyewe.

Kwa mwalimu sikwenda. Nilichofanya, Januari, kaskazi limesafisha anga, ni kumpandisha mpwa wangu sakafuni juu saa mbili usiku na darubini ya macho mawili ya kuazima. Mshtarii ilikuwa imeshachomoza upande wa Nyali. Nikamwambia aegemeze viwiko ukutani, kwa sababu mkono ukitikisika huoni kitu. Akakaa kimya kitambo. Kisha akaomba kalamu, akachora duara na nukta nne katika mstari mmoja nyuma ya ile karatasi ya mtihani. Galileo, yule mtaalamu wa nyota wa Italia, naye alianza na nukta, tatu, tarehe 7 Januari 1610, akidhani ni nyota.

Kesho yake baada ya Isha nilikuwa kazini simu ikalia. Ametuma picha ya mchoro wa pili, pembeni yake sauti: "Mjomba, moja haipo. Nimeangalia hadi shingo imeuma." Nikamjibu asishuke bado, ile inayokimbia kuliko zote huenda imekwenda nyuma ya sayari. Saa nne kasorobo ikaingia picha ya tatu, nukta nne, na chini yake kaandika mwenyewe kwa herufi kubwa: IMERUDI.