Jumapili kwaya, Jumatatu kokoro

Nimesoma hii habari ya nyavu haramu kuchomwa moto huku kwetu ziwani, naona wengi mnawatukana wavuvi tu, ngoja na mi niseme. Nimekulia Igombe, huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, njaa ya mwaloni (pale mitumbwi inaposhusha samaki) naijua. Lakini jamani wakristo wenzangu tujiangalie, anayevuta kokoro (ule wavu haramu wa kukokota mpaka ufukweni) usiku anazoa mpaka mazalia ya sato, asubuhi nani ananunua? Si mimi na wewe, tena tunalia tupunguziwe bei. Sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, hilo huku hata mtoto anajua, ila nenda sokoni uone beseni limejaa vitoto vya kukaanga.

Kanisani kwetu tajiri mmoja wa mitumbwi alileta sadaka nene, tukapiga makofi na vigelegele, na wote tunajua anavulia nini. Hakuna aliyeuliza, mi mwenyewe nilikaa kimya (nilikuwa kwaya, sare mpya zilitoka hapo hapo).

Petro na Andrea walikuwa wavuvi, mahubiri ya kuwa wavuvi wa watu tunayasikia kila mwaka, ila ya ukubwa wa tundu la wavu sijasikia hata siku moja. Mchungaji angesema maneno mawili tu wakati wa matangazo kabla ya harambee, maana wenye mitumbwi wako benchi la mbele pale. Kuchoma nyavu sawa, ila anayekamatwa ni kijana kibarua, mwenye mtaji saa hizi keshaagiza nyingine.