Mvuke Upo, Kwa Nini Tuanze na Maji Baridi?

Juzi nilimsikia mtu akisema kwa kujiamini kabisa kwamba kuhifadhi umeme wa ziada wa nyuklia kwa hidrojeni ni kutwanga maji kwenye kinu: unatia uniti tatu, unarudishiwa moja. Imenikera, kwa sababu hesabu hiyo ni ya mitambo inayopasua maji baridi kwa umeme ili kupata hidrojeni.

Kinu cha nyuklia ni kiwanda cha mvuke kabla hakijawa kiwanda cha umeme. Seli za kauri, ambazo nazo hutengeneza hidrojeni kwa umeme lakini hufanya kazi kwenye nyuzi 700 na zaidi, hazitaki maji, zinataka mvuke. Kuyageuza maji kuwa mvuke kunakula nishati nyingi, na kinu kinaifanya kazi hiyo usiku na mchana. Mvuke wake haufiki nyuzi 300, sawa, lakini gesi zinazotoka kwenye seli zikiwa za moto zinaupasha huo unaoingia. Umeme unaobaki kutumika ni wa kutenganisha hidrojeni na oksijeni tu. Halafu jioni, umeme unapotakiwa, seli zilezile zinageuzwa: hidrojeni inaingia, umeme unatoka. Mtambo mmoja, haukai bure.

Tulipokuwa shuleni mwalimu alituonyesha kiseli kidogo kama kiberiti. Akatia maji, akaunganisha betri, mapovu yakapanda kwenye mirija miwili, hidrojeni ikijaa mara mbili ya oksijeni. Akachomoa betri, akaunganisha kifeni. Kikazunguka. Sijawahi kukisahau kile kifeni.

Wapo wanaosema umeme ukizidi, punguza tu nguvu ya kinu. Ufaransa wanafanya hivyo miaka mingi, nakubali. Lakini gharama kubwa ya nyuklia ni ujenzi, urani ni sehemu ndogo. Ukipunguza, huokoi kitu cha maana. Na zenoni-135, gesi inayomeza nyutroni zinazoendesha kinu, hujikusanya baada ya kupunguza na hukifanya kinu kiwe kizito kupanda tena.

Betri zinashinda kwa kuhifadhi umeme wa saa chache, hilo sibishi. Kauri nazo hupasuka zikipashwa na kupozwa ovyo. Pa kuiweka hidrojeni? Teesside, Uingereza, wanaihifadhi kwenye mapango ya chumvi tangu miaka ya 1970.

Mwaka 2023 kituo cha nyuklia cha Nine Mile Point, jimbo la New York, kilianza kutengeneza hidrojeni yake chenyewe. Nilifurahi sana, ila nacho kinatumia mtambo wa maji baridi, na bomba la mvuke liko palepale.