Moshi wa miwa uwanda wa Kano: setilaiti inaona nini, na nini kinaipita

Kiangazi kikikaza, masizi meusi hutua juu ya nguo zilizoanikwa kuanzia Muhoroni na Chemelil hadi Kibos, katika kaunti ya Kisumu nchini Kenya, na watu huulizana: nani amechoma miwa, na lini? Siku hizi wapo wanaosema jibu liko angani. Ramani za moto za NASA, shirika la anga za juu la Marekani, zinafunguka bure kwenye simu, na alama hujitokeza saa chache baada ya setilaiti kupita. Wengine hawataki kusikia habari hiyo. Picha iliyopigwa kutoka mamia ya kilomita juu, wanasema, haijui kifua cha mtoto anayekohoa Ahero.

Tuanze na saa, maana hapo ndipo wengi wanapopotoka. Chombo cha VIIRS, kilichorushwa mara ya kwanza mwaka 2011, hutambua joto la moto katika vipande vya ardhi vya mita 375. Setilaiti zinazokibeba hupita kwetu karibu na saa saba na nusu mchana, kisha saa kama hiyo usiku. Shamba dogo likiwashwa saa kumi na moja jioni, litakuwa majivu muda mrefu kabla ya saa saba ya usiku. Ramani itabaki safi. Afisa atakayesimama barazani akasema hapakuwa na moto kwa sababu hapana alama, atakuwa amewadhulumu waliovuta moshi ule. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu ushahidi wa namna hiyo humnyamazisha mlalamikaji haraka sana.

Meteosat ya kizazi cha tatu, setilaiti ya hali ya hewa ya Ulaya iliyorushwa Desemba 2022, hupiga picha kila dakika 10, lakini macho yake hayafikii udogo wa shamba la ekari moja. Sentinel-2, setilaiti nyingine za Ulaya, ndiyo inayofaa zaidi hapa. Hurudi kila baada ya siku tano hivi na huona hadi mita 10, kwa hiyo hata ikiukosa moto wenyewe, huliona kovu jeusi uliloliacha, mradi mawingu yaruhusu. Mkulima aliyechomewa miwa na wahuni anaweza kuonyesha shamba lilikuwa kijani tarehe fulani na jeusi tarehe fulani. Miwa iliyoungua hupoteza uzito na sukari kila siku inayochelewa shambani, hivyo tarehe kwake ni pesa.

Vumbi ni kesi nyingine. Likipeperuka juu ya maji ya Ziwa Victoria, ambayo ni meusi kwa setilaiti, huonekana vizuri. Likiinuka kwenye mashamba makavu yaliyolimwa upande wa Njoro, kaunti ya Nakuru, rangi yake hukaribiana na udongo ulio chini na picha ya kawaida hulipoteza. Picha zinazopigwa kwa mionzi ya joto husaidia, ila si sana kwa vumbi linalotambaa chini, na hilo ndilo linaloingia madarasani.

Kuna jambo zito kuliko haya yote. Setilaiti hupima moshi kwa kujumlisha hewa yote kutoka juu hadi ardhini, ilhali sisi tunavuta ile ya usawa wa pua. Tena mchana upepo wa ziwa husukuma moshi mashariki, kuelekea milima ya Nandi. Usiku upepo hugeuka, ukateremka kuelekea ziwani na Kisumu. Picha ya mchana inaweza kumwonyesha mtu wa Mamboleo, hapo Kisumu, kwamba yuko salama, na usiku akalala ndani ya moshi. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2021 kiwango cha mikrogramu 15 za chembechembe laini kwa kila mita ya ujazo kwa saa 24. Ni kipimo cha usiku na mchana, na picha ya dakika moja haikifikii.

Hata hivyo, kwa moshi unaovuka mpaka wa kaunti, Kisumu, Nandi na Kericho hazina shahidi mwingine asiyeegemea upande. Kwa maoni yangu, ramani za miaka iliyopita zitumike kuamua vipima hewa viwekwe wapi, na vipima hivyo ndivyo vitoe hukumu. Vitatu tu vinavyorekodi usiku kucha, kimoja Muhoroni, kimoja Ahero, kimoja Mamboleo, vingetosha kuanzia.