Nani Ashike Ufunguo wa Ukumbi?

Watu wa nyumbani wakiniuliza ni kitu gani cha Oakland, mji wa California ninakoishi, ningekileta Nairobi, hutarajia nitaje treni. Mimi hutaja ubao wa sinema. Sinema yenyewe ni Grand Lake, iliyofunguliwa mwaka 1926 karibu na Ziwa Merritt. Juu ya mlango kuna ubao wa kutangazia filamu, na mwendeshaji wake, Allen Michaan, ana mazoea ya kuandika siasa zake papo hapo, kwa herufi zinazosomeka hata ukiwa ndani ya basi. Ameandika kuhusu kura, ameandika kuhusu vita vya Iraq. Novemba 2, 2011, vuguvugu la Occupy, lililopinga pengo kati ya matajiri na maskini, lilipoitisha mgomo wa mji mzima, aliandika kwamba anawaunga mkono, akafunga sinema siku hiyo. Sinema ipo mpaka leo.

Waandamanaji wale walikuwa wamepiga kambi mbele ya makao ya baraza la mji, katika uwanja waliouita wa Oscar Grant, kijana wa miaka 22 aliyepigwa risasi na polisi wa treni katika kituo cha Fruitvale usiku wa kuamkia mwaka 2009. Mji huu haujaanza leo. Mwaka 1946 wauzaji wa maduka mawili ya katikati ya mji, wengi wao wanawake, waligoma, na wafanyakazi wapatao laki moja wakawafuata. Mwaka 1966 Huey Newton na Bobby Seale walianzisha hapa Black Panther, chama cha kupigania haki za Weusi.

Mwaka huohuo wa 1966 sinema ya Fox, iliyojengwa 1928, ilifungwa. Ilikaa gofu miaka zaidi ya arobaini. Lakini mwaka 1996 baraza la mji liliinunua kwa dola milioni tatu, na Februari 2009, mitaa bado ina hasira ya Oscar Grant, ikafunguliwa upya, na shule ya sanaa ikiwa humo humo. Paramount, yenye viti zaidi ya elfu tatu, ilikarabatiwa na okestra ya mji mwaka 1973. Okestra ilipoishiwa pesa iliikabidhi kwa mji kwa dola moja. Dola moja!

Sasa njoo kwetu. Odeon na Globe ni majina ya sinema, ila leo utayasikia zaidi kwa makanga wa matatu kuliko kwa mtu anayetafuta filamu. Na ule ukumbi mmoja mkubwa wa umma, Kenya National Theatre, tulioachiwa na mkoloni tangu 1952, ulibaki mikononi mwa serikali. Mwaka 1976 tamthilia za Wakenya zilipewa siku chache tu humo, vikundi vya Wazungu vikiachiwa nafasi zao. Usiku mmoja watazamaji waliinuka pamoja na waigizaji, wakatoka wakiimba kuelekea hoteli ya Norfolk ng'ambo ya barabara, polisi wakawazuia.

Wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, waliona afadhali wajenge wao. Walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao, wakaigiza tamthilia kwa Kikuyu mwaka 1977. Baada ya wiki chache kibali kikafutwa, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wawili wa tamthilia hiyo, akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 polisi walilibomoa jukwaa lenyewe. Ngũgĩ alikuja kufundisha miaka mingi huku huku California, kule Irvine.

Sisemi Oakland ni peponi. Mwaka 1980 karibu nusu ya wakazi wake walikuwa Weusi. Kufikia 2020 hawakufika robo. Kodi za nyumba zimewasukuma nje. Fox inang'aa, na wajukuu wa walioandamana mlangoni pake wanalala miji ya mbali. Kuokoa kuta ni rahisi kuliko kuokoa wapangaji, na hilo Wamarekani hawapendi kuambiwa.

Hata hivyo, jengo likiwa la umma una mahali pa kugombania. Juni 2024 vijana wetu walipopinga Mswada wa Fedha walikuwa na barabara na simu. Ukumbi wa kukaa baada ya vitoza machozi, wabishane, waigize, wazomeane, hawakuwa nao. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya utamaduni na burudani, na sinema zimetajwa humo kwa jina. Basi kaunti inunue sinema moja tu kuukuu, ufunguo washike wasanii na wakazi, si ofisa wa utawala. Najua nitaambiwa hospitali hazina dawa. Ni kweli. Lakini pesa za karamu za magavana nazo hazikutoka kwenye dawa?